Muulize Mwalimu: Ngazija, Komoro, Anjuani, hivi ni nchi ngapi?

Mwezi huu maswali ya visiwa yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, tena yote yanatoka kwetu huku juu, Uyole, Mafinga, Tukuyu, Kyela, sehemu ambazo watu wengi bahari wanaiona kwenye tivii tu. Nimefurahi sana. Na kwa kuwa karibu yote yanagusa kundi moja la visiwa nimeamua kuyaweka pamoja badala ya kujibu moja leo na lingine mwezi ujao.

Shikamoo Mwalimu. Mi nanunua viazi hapa Uyole na vijiji vya juu napeleka Dar. Dalali wangu kaniambia kuna wateja wa nje, wa kwanza akasema mzigo wake unaenda Ngazija, wa pili Komoro, wa tatu Anjuani, afu kwenye karatasi ya wakala wa meli nikaona pameandikwa Mutsamudu. Nikasema hizo nchi nne Mungu kanifungulia. Kijana wangu yuko chuo anasema ni sehemu moja hiyo hiyo. Nani mkweli?
*Mama wa viazi, Uyole*

Marahaba mama, na hongera kwa biashara. Kijana wako yuko karibu na ukweli ila hajaumaliza, na ngoja nikueleze taratibu maana hapa ndo watu wengi wanapotea, hata wasomi.

Ukitoka Mtwara ukashuka kusini mashariki baharini, katikati ya Msumbiji na Madagaska, kuna safu ya visiwa vinne. Wenyewe wenye visiwa wanaviita Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore. Hayo ndo majina yake, na ningependa uyashike hayo kwanza kabla ya mengine yote, kwa sababu mengine yote yaliletwa na wageni kila mmoja na ulimi wake. Mfaransa alipofika Ngazidja akaiita Grande Comore, Mwali akaiita Mohéli, Nzwani ikawa Anjouan na Maore ikawa Mayotte. Hiyo Anjuani ya mteja wako wa tatu ni Nzwani iliyopitia mdomo wa Mfaransa ikarudi kwetu. Mutsamudu sio nchi wala kisiwa, ni mji mkuu wa hicho kisiwa cha Nzwani na ndipo ilipo bandari.

Sasa kwa nini Waswahili tunasema Ngazija tukimaanisha visiwa vyote? Watu wa Ngazidja, ambacho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vingine, walikuja Unguja na pwani yetu kwa wingi tangu zamani, walikuja mabaharia, walikuja wafanyabiashara, walikuja masheikh wakubwa, mmoja wao Sheikh Ahmad bin Sumeit aliyezaliwa huko mwaka 1861 akawa kadhi Zanzibar, jina lake linatajwa kwa heshima mpaka leo. Basi kila aliyetoka upande ule akawa Mngazija, awe wa Nzwani awe wa Mwali. Mama unaijua hali hii vizuri, ukienda Dar ukisema umetoka Mbeya basi wewe ni Mnyakyusa, na Msafwa wa Uyole au Mmalila wa kule Mbalizi anakaa kimya lakini moyoni hapendi. Mtu wa Nzwani ukimwita Mngazija naye ni hivyo hivyo.

Kwa iyo wateja wako watatu: wa Ngazija na wa Komoro huenda wanakwenda kisiwa kimoja au hapana, lazima uulize, wa Anjuani anakwenda Nzwani. Nchi ni moja, inaitwa Muungano wa Komoro, ila mzigo haushuki kwenye nchi, unashuka kwenye bandari, na kati ya kisiwa na kisiwa ni bahari tupu. Mwambie dalali aandike jina la mji kwenye kila gunia, Moroni kama ni Ngazidja, Mutsamudu kama ni Nzwani, Fomboni kama ni Mwali. Jambo lingine la kukusaidia, Mutsamudu ndo kuna kina kirefu meli inaweza kusogea gatini, Moroni bandari yake ni ya maji mafupi na meli kubwa inasimama mbali mizigo ikashushwa kwenye vyombo vidogo, sasa viazi vya lumbesa vikikaa juani pale nje vikisubiri zamu, wewe mwenyewe unajua vinavyokuwa. Punguza lumbesa mama, gunia likifungwa la kawaida linabebeka vizuri kwenye mashua.

Mwalimu habari, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwenye jaribio la jografia niliandika Komoro ina visiwa vikubwa vinne nikakoseshwa, mwalimu wetu akasema ni vitatu. Atlasi ya shule imechora vinne. Pia naomba kujua kwa nini vinaitwa visiwa vya mwezi, vina umbo la mwezi?
*Kidato cha tatu, Mafinga*

Mwanangu hujakosea na mwalimu wako naye hakuzua, na hilo ndo swali zito kuliko yote niliyopokea kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kijografia safu ni visiwa vinne, hakuna ubishi, ukiongeza na vile vidogo vidogo vya pembeni. Kiserikali, yaani wapi bendera ya Komoro inapandishwa na askari wake wanalinda, ni vitatu. Cha nne, Maore, kiko chini ya Ufaransa.

Ilikuwaje? Ufaransa iliichukua Maore kwanza, mwaka 1841, kwa mkataba na mtawala aliyekuwa ametokea Madagaska, anaitwa Andriantsoly. Visiwa vingine vitatu vikaja kuwekwa chini ya himaya yake baadaye sana, 1886. Miaka ya utawala wa kikoloni makao ya serikali yalikuwa Dzaoudzi, huko huko Maore, mpaka yalipohamishiwa Moroni, na kile kitendo cha kuhamisha makao kiliwauma sana watu wa Maore, ofisi zimeondoka, kazi zimeondoka. Ikafika Desemba 1974 wakapigishwa kura ya uhuru visiwa vyote. Kwa ujumla watu zaidi ya asilimia 90 wakasema tunataka uhuru, lakini ukihesabu Maore peke yake wengi walikataa. Ufaransa ikasema basi tuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Viongozi wa Moroni wakasema hapana, nchi ni moja na kura ni moja, na tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro mwaka huo huo kama nchi ya visiwa vinne, na Baraza Kuu likasema zaidi ya mara moja kwamba Maore ni sehemu ya Komoro. Ufaransa ikapiga kura nyingine Maore pekee yake 1976, ikabaki, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili kama ilivyo mikoa ya kule Ulaya.

Ndo maana nakuambia angalia bendera ya Komoro. Ina nyota nne na mistari minne, na mstari mweupe ni wa Maore. Hawajaufuta. Angalia pia jina la wimbo wao wa taifa, Udzima wa ya Masiwa, hebu usome kwa sauti, wewe ni Mtanzania hujawahi kwenda huko lakini unausikia, udzima ni umoja, masiwa ni visiwa. Lugha yao ni ndugu wa tumbo moja na Kiswahili.

Mimi mwenyewe nina msimamo kwenye hili na siufichi, ukichora ramani chora vinne na uandike Maore, afu mbele yake uandike iko chini ya Ufaransa. Ukiandika vitatu peke yake umewafuta watu, ukiandika vinne bila maelezo umeficha kinachoendelea, na kinachoendelea ni kikubwa jamani. Toka Nzwani mpaka Maore ni kama kilomita 70 tu, watu wana mashangazi na wajomba ng'ambo ile, mpaka 1995 walikuwa wanaenda na kurudi kuzika na kuoa, mwaka huo Ufaransa ikaweka masharti ya viza na tangu hapo watu wanavuka usiku kwa maboti madogo wanayaita kwasakwasa, wengi wamekufa maji. Hata yule Kanali Mohamed Bacar aliyeshika Nzwani akaitenga na serikali ya Moroni, majeshi ya Umoja wa Afrika yalipoingia Machi 2008, na wanajeshi wetu wa Tanzania walikuwemo, alikimbilia Maore kwa boti. Kisiwa cha nne sio habari ya zamani.

Kuhusu mwezi, hapana, havina umbo la mwezi. Waarabu waliokuwa wanapita bahari hii waliviita visiwa vya Qamar au Qumr, na qamar kwa Kiarabu ni mwezi, na maelezo yaliyoenea ndo hayo, Komoro ni visiwa vya mwezi. Ila kwenye vitabu vya zamani vya Waarabu jina Qumr linaangukia hata Madagaska, kwa iyo lilikuwa jina la eneo lote lile la kusini kabla halijatulia kwenye hivi vinne. Mwezi mwandamo uliopo kwenye bendera ni wa Uislamu, ingawa wengi wanapenda kuunganisha na jina na mimi siwakatazi.

Mwalimu ugonile. Nimesikia mlima wa Karthala unawaka. Je ni kama Rungwe wetu? Na mbona kuna mtu ameniambia Ngazija hakuna hata mto mmoja, inawezekanaje mlima mkubwa usitoe maji, sisi hapa kila bonde lina mto.
*Mkulima wa chai, Tukuyu*

Ndaga ndugu yangu, swali lako nimelipenda kwa sababu mtu wa Tukuyu anaweza kuielewa Ngazidja haraka kuliko mtu wa Dodoma.

Visiwa vyote vinne vimejengwa na volkano, vimepanda kutoka chini ya bahari. Ila havikuzaliwa pamoja. Maore ndo mkubwa wao kwa umri, halafu unakuja magharibi mpaka Ngazidja ambayo ni kitinda mimba na bado inakua. Ukishajua hilo kila kitu kinajipanga chenyewe. Maore ni mzee, mvua imemla, kilele chake ni mita 660 tu, na matumbawe yamepata muda wa kumzunguka pande zote mpaka yakafanya wangwa mkubwa wa maji tulivu ndani yake, maarufu duniani. Nzwani ni wa makamo, milima imesimama wima inafika karibu mita 1,600 na mabonde yamechimbika sana. Ngazidja ndo kijana, Karthala ina mita 2,361, yaani fupi kidogo kuliko Rungwe ambayo inakaribia mita 2,960, lakini Rungwe msingi wake uko juu tayari, Karthala inaanzia kwenye maji ya bahari.

Karthala inawaka kweli. Kreta yake ya juu ni kubwa, upana wa kilomita tatu kwa nne. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, ikaja tena 2006 na mwanzoni mwa 2007. Na hapa ndo linaingia swali lako la maji. Zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka yakatoka kwenye volkano na kuganda, ikiwa changa ina matundu na nyufa, mvua inanyesha nyingi sana upande wa magharibi lakini ikigusa chini inazama yote, haikai juu ikatengeneza mto. Watu wa Ngazidja wanaishi kwa kukinga mvua kwenye mabirika ya saruji pembeni ya nyumba. Sasa fikiria 2005 majivu yameanguka kwenye mapaa yakaingia kwenye mabirika, maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa huku mvua inanyesha. Kwetu Rungwe udongo wa volkano umeshaoza kwa miaka mingi sana, umekuwa mzito unashika maji, ndo maana kuna Kiwira na mito mingine na ndo maana chai yako inastawi.

Usifikiri lakini sisi tumelala salama. Kyejo pale ilimwaga zaha mara ya mwisho kama mwaka 1800, wazee wa mababu zetu waliiona. Ziwa Ngosi na Masoko ni makreta yaliyojaa maji. Na Daraja la Mungu unalopita kwenda kulitazama Kiwira ni zaha hiyo hiyo. Wenzetu wa Maore walikuwa wanajua kisiwa chao ni mzee kimeshatulia, Mei 2018 ardhi ikaanza kutikisika, ikatikisika miezi na miezi, watu wakawa wanalala nje, na mwaka uliofuata wanasayansi wakashusha vyombo wakakuta kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa kuna mlima mpya wa volkano chini ya bahari, una urefu wa mita 800 hivi, ambao haukuwepo kabisa kwenye ramani za nyuma. Wameuita Fani Maoré. Angalau huu wamekumbuka kuupa jina lenye Maore ndani yake.

Mwalimu, Ushelisheli jina lao limetokana na matunda ya mashelisheli au matunda yametokana na nchi?
*Msomaji, Njombe*

Nchi ilitangulia. Wafaransa walivichukua visiwa vile 1756 wakavipa jina la waziri wa fedha wa mfalme wao, Jean Moreau de Séchelles, mtu ambaye hana uhusiano wowote na mnazi wala mwamba wa kule. Hivyo tofauti na Komoro hakukuwa na wenyeji wa kuuliza jina.

Kwako Mwalimu. Babu yangu alikuwa anasimulia kwamba wazungu waliwahi kutangaza Livingstone kauawa karibu na ziwa letu kumbe mzima, na waliodanganya ni watu wanaitwa Wajohana. Hawa ni kabila gani? Nimetafuta Malawi na Msumbiji sijawapata.
*Mwana wa Kyela*

Babu yako alikuwa na kumbukumbu nzuri sana na nimekaa na barua hii siku mbili nikiwa na furaha. Hutawapata Malawi, ndugu yangu. Johanna ni Nzwani. Mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wanasimama pale kuchukua maji na matunda wakielekea India walishindwa kutamka Nzwani wakasema Johanna, na ramani zao zikaandika hivyo kwa muda mrefu. Watu walioitwa Johanna men kwenye vitabu vyao ni Wanzwani, Waislamu, wanaongea lugha ambayo ungeifahamu nusu.

Mwaka 1866 Livingstone aliingia bara kupitia Ruvuma na kwenye msafara wake walikuwemo kumi kutoka Nzwani, kiongozi wao anaitwa Musa. Walipofika upande wa kusini wa Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba wakasikia Wangoni, ambao kwenye msafara waliitwa Mazitu, wako mbele wanavamia vijiji. Wakageuza. Desemba walikuwa Zanzibar wakasema bwana mkubwa ameuawa, habari ikafika London watu wakaanza kuomboleza. Mwaka 1867 wakatuma kikosi kikiongozwa na E. D. Young kikapanda mpaka ziwani na mashua, wakauliza watu wa pale, wakaambiwa mzungu alipita mzima na akaenda zake magharibi. Aliishi mpaka 1873.

Vitabu vya Waingereza vinawasema vibaya sana wale kumi. Uongo waliusema, ni kweli, sitautetea. Lakini ni watu wa kisiwani waliochukuliwa kibarua kwenda kufia kwenye vita visivyowahusu, maelfu ya hatua mbali na mama zao, na walioandika habari yao hata jina la kwao hawakuliandika sawa. Na huyo huyo Livingstone alipofika ziwani 1859 akauliza hili linaitwaje akajibiwa nyasa, neno la Kiyao lenye maana ya ziwa, akaandika Ziwa Nyasa, ziwa ziwa, na leo sisi na majirani zetu tunabishana kama ni Nyasa au Malawi. Wewe wa Kyela unalijua hilo kuliko mimi. Hapo Tukuyu Mjerumani aliandika Neu Langenburg, nani anaikumbuka? Ile imekufa, tunasema Tukuyu. Nzwani nao hivyo hivyo, Johanna imekufa, Anjouan inaendelea, ila nyumbani kwao bado ni Nzwani.

Na kwa kuwa tumegusa watu wa Nzwani, Desemba 1952 mvuvi wa Domoni huko huko Nzwani alipata samaki mkubwa ambaye wanasayansi duniani walikuwa wanamtafuta tangu walipomwona mmoja Afrika Kusini 1938, samaki wa kale waliyedhani ametoweka mamilioni ya miaka. Wakamshangilia kama wamevumbua kitu. Wavuvi wakasema huyu tunamjua, anaitwa gombessa. Tangu 2004 wavuvi wetu wa Tanga nao wamekuwa wakimpata.

Mwalimu shikamoo, nauza mchele wa Kyela soko la Soweto hapa Mbeya. Alikuja mgeni na rafiki yake wa Dar, akanunua kilo ishirini, nilivyompa mzigo akaniambia marahaba. Mi sikuwa nimemwamkia, na ni kijana mdogo kwangu. Nilinyamaza lakini niliumia, nikaona ananifanya mtoto. Baadaye yule rafiki akasema ni Mngazija.
*Dada wa mchele, Soweto*

Marahaba dadangu, hii ya kwangu ni ya kujibu shikamoo yako. Ya yule kijana ilikuwa nyingine. Kwenye visiwa vile vyote vinne marahaba maana yake ni asante. Alikuwa anakushukuru kwa mchele.